Chai ya rangi na safari ya kifuko kupitia Mikese

Hebu tuanze na jina. Chai isiyotiwa maziwa sisi tunaiita chai ya rangi. Hatusemi chai ya harufu wala chai ya ladha. Ni ya rangi tu, basi. Watu wa pwani wana jina jingine, mkandaa, na huo mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gome lake limetumika miaka mingi kutengenezea ngozi na kutia rangi. Yaani kuna mtu, miaka hiyo, alikitazama kikombe akaona wekundu, akaonja akakutana na ukakasi, akakumbuka gome la mikoko. Jina likashika.

Wadau, mimi naamini majina haya yamebeba historia nzima. Chai ilikuja kwetu kama rangi, tukauziwa kama rangi, na mpaka leo tunaipima kwa rangi. Halafu kikaja kifuko chenye uzi, ambacho hakuna chombo kinachotoa rangi haraka kama hicho. Dakika moja tu kikombe kimeiva kwa macho, na wengi wetu tunaishia hapo. Tukisikia kwamba chai ya Tanzania inauzwa bei ndogo nje, tunashangaa. Lakini nani kati yetu anaweza kueleza chai nzuri ikoje, ukimwondolea sukari na tangawizi?

Nitaieleza historia hii kwa kutumia Mikese kama dirisha. Mikese yenyewe ni kituo kidogo, kiasi cha kilomita 30 kabla ya kufika Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Wengi tunakijua kwa kupitia dirisha la basi: milima ya Uluguru mkono wa kushoto, mkonge, vibanda vya matunda, mara basi limeshapita. Hakuna shamba la chai hapo. Lakini chai ya Mufindi na Njombe inayoshuka kwa barabara kuu kwenda Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni lazima ipite Mikese. Na siyo mara ya kwanza. Chai imekuwa ikipita Mikese kwa zaidi ya miaka 100.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Wakati huo wakubwa wa nchi walikuwa Wajerumani, na akili yao ilikuwa kwenye mkonge, mpira na kahawa. Kisha ikaja Vita vya Kwanza. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro, na Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kuelekea kusini, upande wa Kisaki na mto Mgeta. Waingereza wakawafuata. Sasa jeshi haliendi bila chakula, na hapo ndipo jina la Mikese likaingia kwenye ramani za vita. Shehena ilishushwa kwenye treni Mikese, ikaanza safari ya kusini kupita Matombo, Tulo na Duthumi hadi mstari wa mbele kuelekea Rufiji. Pale magari yalipoweza, ilikwenda kwa magari. Mvua zilipoigeuza njia kuwa tope, ilikwenda kwa vichwa vya watu.

Kwenye posho ya askari Mwingereza, chai na sukari havikosekani. Ni jeshi ambalo lingevumilia mambo mengi lakini si kukosa chai. Mpagazi aliyembebea shehena hiyo yeye posho yake ilikuwa unga. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa njaa, kuhara na homa, si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, tukilitamka kwa ulimi wetu, ndilo Kariakoo. Kwa hiyo ukitaka kuandika historia ya chai katika njia hii ya Morogoro, anza na mtu mwenye mzigo kichwani, ambaye ndani ya mzigo wake kuna kinywaji ambacho yeye hakinywi.

Je, kwenyewe shambani? Chai ilipandwa kwa majaribio katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na huko Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Lakini kilimo cha biashara hasa kilianza mwaka 1926, chini ya Waingereza. Mufindi ikapanda, Usambara ikapanda, Rungwe ikapanda. Uluguru haikuwa mlima wa mashamba makubwa ya chai. Ikabaki mlima wa Waluguru wenyewe, wenye ndizi, mboga na, upande wa mashariki unaopokea mvua nyingi, viungo: mdalasini, pilipili manga, karafuu, iliki. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1933 wakubwa wa chai duniani, yaani India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi ambavyo leo ni Indonesia, walikubaliana kupunguza chai wanayouza nje ili bei ipande. Makoloni ya Afrika Mashariki nayo yakabanwa yasipanue mashamba kama yanavyotaka. Ndiyo kusema, chai yetu ilizaliwa ikiwa imefungwa kamba mguuni, na kamba ameishika mtu wa London. Mkulima mdogo Mwafrika hakuwamo kabisa katika hesabu hiyo. Chai ilikuwa zao la mashamba makubwa, na Mwafrika aliingia shambani kama mchumaji. Ni baada ya Uhuru wa 1961 ndipo wakulima wadogo walipoanza kupewa miche kwa wingi, na mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai Tanzania kuwasimamia.

Sasa tuingie kwenye ladha yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Jani la chai likichumwa linafanana na jani jingine lolote. Weusi, harufu na ukakasi vinatengenezwa. Jani linanyaushwa kwa saa kadhaa, kisha linavunjwa ili maji yake ya ndani yakutane na hewa. Oksijeni inapoingia, linageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Katika kugeuka huko zinazaliwa aina mbili za kemikali ambazo inafaa tuzijue kwa majina. Ya kwanza ni theaflavini. Hii ndiyo inayoipa chai ung'avu na ule uchangamfu unaouamsha ulimi. Ya pili ni thearubijini, inayotoa wekundu mzito na unene mdomoni. Chai bora ina uwiano wa zote mbili. Chai iliyoachwa hewani kupita kiasi, au iliyotengenezwa kwa majani yaliyopata joto ndani ya gunia kabla ya kufika kiwandani, inabaki na weusi mwingi na uchangamfu kidogo. Rangi ipo, uhai umeondoka.

Zamani jani lilivunjwa kwa kusokotwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Assam, India, meneja wa shamba la Amgoorie aitwaye William McKercher alibuni mashine ya roli mbili zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti. Jani likipita katikati linapondwa, linachanwa na kuviringwa kwa mpigo mmoja. Dunia nzima inaiita njia hiyo CTC. Kinachotoka si jani tena, ni punje. Punje hizi zinatoa rangi haraka, zinatoa vikombe vingi kwa kilo moja, na zinastahimili maziwa na sukari. Kwa mfanyabiashara ni neema. Afrika Mashariki iliikumbatia CTC kwa mikono miwili, na leo sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya na Tanzania inatengenezwa hivyo.

Baada ya kukaushwa, punje zinapitishwa kwenye chekecheke za matundu tofauti. Hapo ndipo madaraja yanapopatikana. Kubwa kidogo huitwa BP1, hizi ndizo za kuchemshia. Zinazofuata ni PF1, ndogo na sawasawa, ambazo wafungaji wa vifuko wanazipenda sana. Chini ya hapo kuna PD na D1, ambazo ni laini zaidi. Ukishazitoa hizo nne, kinachobaki ni madaraja ya pili, yenye nyuzi na vijiti vya jani vingi zaidi.

Kwa hiyo ule uvumi mnaousikia mitaani, kwamba ndani ya kifuko kuna vumbi lililofagiwa sakafuni mwa kiwanda, hauna mguu. Vumbi hapa ni jina la ukubwa wa punje, siyo jina la uchafu. PF1 safi kutoka shamba zuri inaweza kuuzwa bei kubwa kuliko BP1 ya shamba bovu. Lakini uvumi nao una chembe ya ukweli: mfungaji anayetaka kupunguza gharama anaweza kuchanganya madaraja ya pili, na mnywaji hataona, kwa sababu chai imefichwa ndani ya karatasi. Ukinunua majani ya pakiti unaweza kuyamimina kiganjani na kuyatazama. Ya kifuko unayanunua ukiwa umefumba macho.

Kifuko chenyewe kimetoka Marekani. Wanawake wawili wa Milwaukee, Roberta Lawson na Mary McLaren, walipewa hataza mwaka 1903 ya kishikio cha majani ya chai kilichotengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi, cha kutosha kikombe kimoja tu. Hoja yao ilikuwa nzuri: ukipika birika zima, chai ya ziada inachacha na kumwagwa. Baadaye zikaja simulizi za Thomas Sullivan, muuza chai wa New York, ambaye inasemekana mwaka 1908 hivi aliwatumia wateja sampuli katika vifuko vya hariri, nao wakavitumbukiza kwenye maji vilevile vilivyo. Uingereza walikokota miguu. Tetley walianza kuviuza huko mwaka 1953, na hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya asilimia 3 ya chai ya Waingereza ilikuwa ya vifuko. Leo karibu yote ni ya vifuko.

Na karatasi ile? Kwa kawaida ina nyuzi za abaka, mmea ndugu wa mgomba unaolimwa zaidi Ufilipino, kwa sababu haichaniki ikilowa. Nacheka ninapofikiria jambo hili nikipita Pangawe na Mikese katikati ya mkonge. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Ikazaa mashamba yote haya. Nyuzi za mkonge nazo zinaweza kutengenezwa karatasi maalumu. Chai tunayo, nyuzi tunazo, na kifuko tunaagiza.

Turudi nyumbani. Chai ilitokaje kwenye mzigo wa askari hadi kwenye sufuria ya kila nyumba? Ilipita dukani. Kampuni za Kiingereza, Brooke Bond ikiongoza, ziliuza chai kwa vipakiti vidogo vya bei ya senti, ili hata kibarua wa mkonge aweze kununua ya siku moja. Kibarua alihitaji kitu cha moto cha kuanzia siku, na sukari ilimpa nguvu. Pole pole uji ukasukumwa pembeni. Leo tukisema "nimekunywa chai" tunamaanisha tumekula asubuhi, hata kama kikombeni mlikuwa na maziwa matupu. Lugha imekubali kushindwa.

Chai iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kazi hiyo: itoe rangi nyingi, ishikane na sukari, iende mbali. Baada ya Uhuru tukawa na kampuni ya umma ya kuchanganya na kufunga chai pale Dar es Salaam, Tanzania Tea Blenders. Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, foleni za sukari, sabuni na kila kitu. Katika hali ile nani angeuliza kama chai ina uchangamfu? Ikipatikana, imepatikana. Kizazi kizima kilifundishwa kushukuru rangi. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wakaja TATEPA na Chai Bora, kampuni ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999, na vifuko vikaanza kuonekana madukani kama kitu cha kawaida, si cha hotelini peke yake.

Lakini angalieni tofauti moja. Sisi kwa jadi tunapika chai. Maji yanachemka sufuriani, majani yanaingia, moto unaendelea, chujio linamaliza kazi. Punje za CTC kwa njia hiyo zinatoa kila kitu, kizuri na kibaya. Kifuko kimetengenezwa kwa desturi nyingine: maji yanayotokota yanamiminwa juu yake, kinafunikwa, kinasubiriwa dakika tatu hadi tano. Tumekipokea kifuko bila kupokea maji yake.

Nenda mgahawa wowote kando ya barabara hii, Chalinze, Mikese, Msamvu. Utaletewa kikombe cha maji kutoka kwenye chupa iliyojazwa alfajiri, na kifuko pembeni ya sahani. Maji yamekaa saa nne au tano, moto umeshuka. Unachovya, unanyanyua, unachovya, rangi inatoka, unatoa kifuko, unatia sukari vijiko vitatu. Sisi waandishi tunaijua zaidi chai hii kwa sababu ndiyo ya semina: chupa la maji, kikapu cha vifuko, maziwa ya unga, maandazi yaliyopoa. Rangi hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Harufu na uchangamfu havitoki vizuri. Ndiyo maana chai ya chupa inakuwa nyekundu na haina kitu. Halafu lawama zote anapewa mwenye shamba.

Kingine ni ghala. Chai hutoka kiwandani ikiwa kavu sana, unyevu wa karibu asilimia 3, na kitu kikavu namna hiyo kinavuta kila kilicho jirani. Weka kasha la vifuko visivyofungwa mmoja mmoja kwenye rafu karibu na sabuni ya unga, mwezi mmoja utakunywa sabuni. Joto la bonde la Ngerengere nalo halisaidii. Punje ndogo za kifuko zinazeeka haraka kuliko jani kubwa, kwa sababu sehemu kubwa zaidi iko wazi kwa hewa.

Je, chai bora kabisa iko wapi basi? Jibu la mtaani ni kwamba imekwenda nje. Ni kweli nusu. Zaidi ya robo tatu ya chai ya Tanzania husafirishwa, na kwa miongo mingi njia kuu imekuwa mnada wa Mombasa. Mnada huo wa chai za kusafirisha nje ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu 1992 unauza kwa dola. Chai za nchi mbalimbali za Afrika zinakutana pale. Mnunuzi anaonja, ananunua, anachanganya. Kifuko kimoja cha Ulaya kinaweza kuwa na chai za mashamba 20 au 30, ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka. Mufindi imo humo ndani lakini jina lake limeyeyuka.

Sasa nusu ya pili ya ukweli, ambayo hatuipendi. Kwa miaka mingi bei ya wastani ya chai ya Tanzania pale Mombasa imekuwa chini ya ile ya Kenya na Rwanda. Tusikimbilie kusema tunaonewa. Uzalishaji wetu kwa miaka mingi umekuwa kati ya tani 25,000 na 37,000 hivi kwa mwaka, wakati Kenya inavuka tani 500,000. Ukiwa mdogo, kitu pekee kinachokuokoa ni ubora. Rwanda nayo ni ndogo, lakini iliamua kujulikana kwa ubora, na wanunuzi wakaijua. Ubora unaanzia kwenye majani mawili na kikonyo, yaani mchumaji achukue kile kichwa laini tu, asishike jani gumu la chini ili kujaza kikapu. Unaendelea kwenye barabara: jani lifike kiwandani ndani ya saa chache, kabla halijaungua lenyewe kwa lenyewe. Mkulima wa Rungwe au Lushoto akisubiri gari siku nzima na jani liko begani, kilo anazo lakini theaflavini imeondoka. Na kama analipwa kwa kilo tu, bila kuulizwa ubora, kwa nini ahangaike na kikonyo?

Hapa ndipo sisi wanywaji tunapoingia. Mkulima anayeuza kwa watu wasiojua kuonja hana sababu ya kuchuma vizuri. Mfungaji anayeuza kwa watu wanaotazama rangi hana sababu ya kununua PF1 ya maana. Novemba 2023 Tanzania ilianzisha mnada wake wa chai Dar es Salaam. Nilifurahi, kwa sababu mwenye mnada ndiye anayesikia kwanza mnunuzi anataka nini. Lakini mnada hauongezi ladha. Mnada ni mizani, na mizani haijawahi kumnenepesha ng'ombe. Kama nchi inayolima chai haina watu wanaojua chai, tutakuwa tumesogeza meza tu kutoka Mombasa kuja Dar, na mzigo kichwani ni uleule.

Basi tujifunze kuonja. Waonjaji wa kazi hiyo wana kanuni ya kimataifa, gramu 2 kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari. Sisi tufanye rahisi. Chukua vifuko viwili vya kampuni mbili tofauti. Kata kimoja kimoja, mimina kwenye karatasi nyeupe. Punje ziwe za ukubwa unaofanana, weusi wenye udhurungi, siyo kijivu. Ukiona nyuzinyuzi nyekundu nyingi, umeuziwa daraja la pili. Kisha chemsha maji mapya, mimina yakiwa yanatokota, funika, hesabu dakika nne, toa kifuko bila kukikamua. Tazama mwanga: chai nzuri inang'aa kama shaba iliyosuguliwa, mbaya inakuwa nyeusi-nyeusi kama maji ya kutu. Onja kabla ya sukari. Ukakasi wa chai nzuri unauma kidogo kisha unaachia. Wa mbaya unabaki kwenye fizi.

Kuna na kipimo kimoja kinachowashangaza watu. Acha kikombe kipoe kabisa. Ukiona ukungu, kama vile mtu katia tone la maziwa, usimwage. Hiyo ni theaflavini imeshikana na kafeini, na ni dalili ya chai iliyojaa. Chai inayobaki wazi kama juisi hata ikipoa mara nyingi ilikuwa rangi tupu tangu mwanzo.

Nimesema tutarudi Uluguru. Kikombe cha chai cha Mikese kingeweza kuwa kikombe cha ajabu. Majani yanashuka Mufindi na kupita mlangoni. Sukari inatoka Mtibwa na Kilombero, yote mkoa huuhuu wa Morogoro. Mdalasini, iliki na pilipili manga ziko mlimani hapo juu, upande wa Matombo, Mkuyuni na Kinole. Wengi tunavitia viungo ili kuficha chai dhaifu, na ndiyo maana tunavitia vingi mpaka kikombe kinakuwa mchuzi wa pilau. Chai yenye nguvu inahitaji kipande kimoja cha mdalasini, na utasikia vyote viwili, Mufindi na Matombo, kila kimoja kwa sauti yake.

Na kama una damu pungufu, au una mtoto mdogo, kumbuka kwamba ukakasi huohuo wa chai unazuia mwili kupokea madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Chai ya rangi na andazi siyo mbadala wa uji. Kunywa chai yako saa moja mbali na mlo. Bibi zetu waliokataa kuwapa watoto chai asubuhi hawakuwa washamba.

Mimi naomba kitu kimoja tu. Safari nyingine ukinunua kasha la vifuko, geuza nyuma utafute mambo mawili: chai imetoka wilaya gani, na imefungwa lini. Makasha mengi yatakuonyesha mwisho wa kutumia na jina la kampuni, basi. Muulize mwenye duka. Atakuona msumbufu. Muulize tena mwezi ujao, na rafiki yako naye aulize, mpaka mwenye duka aanze kumuuliza anayemletea mzigo. Kahawa ya Kilimanjaro ina jina lake duniani. Mufindi, Rungwe, Njombe na Lushoto hazina sababu ya kuendelea kuitwa rangi.